Sura ya Tano: Watoro wa Msiba

Bibi Esnath walimtoa kwenye majivu kwa bati. Hakukuwa na namna nyingine. Wanaume wanne walikuwa wameingia na shuka ili wambebe kwa heshima, wakatoka mbio mikono mitupu, mmoja akaenda kutapika mgombani. Ndipo Simon fundi ujenzi akaokota bati la paa lililopindika, wakamtelezesha juu yake, na wanawake waliojipanga barabarani wakapiga yowe moja lililosikika mpaka sokoni.

Inspekta Tupokigwe hakupiga yowe. Alikuwa amechuchumaa pale palipokuwa mlango, mvua ya Tukuyu ikimchuruzikia kwenye kola, akiitazama fremu iliyobaki nusu. Kwenye komeo la nje palikuwa na waya wa senyenge, umesokotwa mara tano na kukazwa kwa koleo.

"Ackson, njoo uone."

Koplo Ackson, polisi wa pale pale mjini, mtu mnene aliyependa mambo yaishe upesi, aliinama akihema. "Kafunga mlango, afande. Bibi wa watu alikuwa anaogopa wezi."

"Kajifungia kwa nje?"

Ackson akaukaribia waya.

"Kata huo waya, weka kwenye bahasha. Msokoto usiuguse."

Tupokigwe alikuwa na siku tatu tu Tukuyu. Kilichomleta kutoka Mbeya kilikuwa karatasi moja ya takwimu, ile ambayo kila mwanzo wa mwaka hupigwa chapa ofisi ya mkoa, ikagongwa muhuri, ikafungiwa kabatini bila kusomwa na mtu. Matukio ya moto kwa miji ya mkoa, mwaka 1993. Mbeya mjini, pamoja na ukubwa wake wote, kumi na tisa. Tunduma sita. Kyela manne. Chunya, ambako nyasi huwaka kwa kuangaliwa tu, matano. Tukuyu, mji ambao shati hukaa kwenye kamba siku tatu na bado linadondosha maji, kumi na manne.

"Labda wanachemsha sana ndizi," bosi wake alisema, akacheka mpaka chai ikamwagika.

Yeye hakucheka, maana alikuwa ameshafika safu za mwisho. Kati ya mioto kumi na minne ya Tukuyu, tisa ilikuwa ya nyumba na maduka ya kando ya lami, na yote tisa iliwaka mchana: saa nane, saa nane na robo, saa nane na dakika ishirini. Chanzo: hitilafu ya umeme. Yote tisa, hitilafu ya umeme. Na mwaka ule mgao ulikuwa mkali hivi kwamba Tukuyu ilikuwa inapata umeme jioni tu. Sasa huo umeme wa saa nane mchana ulitoka wapi? Alikuja aulize swali hilo kwa utaratibu, kwa kalamu na karatasi. Siku ya pili tu tangu afike, moto wa kumi kando ya lami ukawaka, na huu ulikuwa na mtu ndani.

"Shikamoo za wote zimekwisha leo, mwanangu," sauti ilisema nyuma yake. "Tunabaki na pole."

Alikuwa Mzee Abrahamu, katibu wa chama cha kuzikana cha mtaa. Koti jeusi, mwavuli, na kwapani daftari kubwa lililofungwa kwenye mfuko wa nailoni lisiloe. Hakuna aliyezikwa mtaani pale kwa miaka kumi na moja bila daftari lile kuwapo. Tupokigwe alimpa pole, akamwomba maelezo, na mzee akayatoa akiwa wima, kama anayesoma risala.

"Jana tulikuwa tunamzika mwalimu, huko chini. Mtaa mzima. Bibi Esnath sisi sote tulijua kaenda Kisiba kwa mwanawe. Angejulikana yumo ndani, nani angemwacha? Hakuna aliyejua, afande. Hakuna."

Tupokigwe aliandika, akamsomea, mzee akatia sahihi kwa mwandiko mzuri wa shule za zamani.

Upande wa pili wa barabara, chini ya turubai, Mama Hellen alikuwa amepanga mikungu yake ya ndizi bila kumuuzia mtu. Tupokigwe alimfuata. Huyu alikuwa mwanamke wa kujua nani kaposa na nani karudishiwa posa, na alikuwa na hamu ya kusema kama mtu mwenye kiu.

"Ugonile, mama," alimsalimu kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, mwanangu, ndaga. Kaa. Hapo pana maji, kaa hapa. Wewe ndiye afande mwanamke? Wanasema una mume mhasibu."

"Sina mume, mama."

"Aa! Basi wamenidanganya hao." Alionekana kuumia kweli. "Uliza, mwanangu."

Tupokigwe akatoa karatasi yake. "Tarehe kumi na mbili Machi mwaka jana liliungua duka la Tamimu, pale stendi. Unakumbuka?"

"Tarehe siijui. Duka la Tamimu liliungua siku tunamzika mama yake Simon. Tena nilivaa kanga mpya, ikachafuka."

Kalamu ya Tupokigwe ikasimama. "Na mgahawa wa Nahla?"

"Tunamzika Jairo kinyozi. Kafa kwa ini yule, msimsikilize anayesema karogwa."

"Nyumba ya mbao ya kona?"

"Siku ya kuzika mapacha. Kyala, Mungu wangu, siku ile."

Akamtajia yote tisa. Kwa kila moto, Mama Hellen alikuwa na kaburi. Hakukosa hata mara moja, na kila kaburi lilikuwa na kipande chake cha umbea: nani alilia kwa uongo, nani alikula sahani mbili. Jana nyumba ya Bibi Esnath, jana mwalimu. Kumi kwa kumi.

"Mama, siku ya kuzika hapa mtaani anabaki nani?"

"Habaki mtu! Ukibaki unaandikwa mtoro wa msiba. Faini mkungu wa ndizi, hiyo siyo kitu, unaukata shambani. Kinachoua ni jina lako kusomwa mbele ya watu, kaburi likiwa wazi. Mimi hata na malaria nakwenda, nalala hukohuko."

Hakumaliza. Kutoka upande wa sokoni lilikuja vumi, kwanza kama mvua inayovuka migomba, kisha likawa watu. Ackson alikuja akikimbia, kofia mkononi.

"Afande, wamemkamata Zubery. Yule muuza mafuta ya taa. Wana tairi!"

Walimkuta Zubery amepiga magoti mbele ya duka lake, uso umekuwa nyama. Jicho moja halikuonekana. Tairi la lori la Bedford lilikuwa limemkalia mabegani, zito, linamvuta kichwa mbele, na mwanamume mmoja mwenye koti la mvua alikuwa anamimina petroli kutoka kwenye dumu la njano, taratibu, kama anayemwagilia kabichi. Mkewe Shamsia alikuwa amemng'ang'ania mguu yule mtu. Walimpiga teke la mbavu, hakuachia. Walimkanyaga mkono, akauma mguu uliomkanyaga.

Tupokigwe alipiga risasi moja juu. Watu walirudi hatua mbili. Hakungoja warudi ya tatu. Alimshika Zubery kwenye kola, Ackson akalisukuma tairi kwa teke, wakamburura hadi dukani, Shamsia akatambaa nyuma yao, na mlango wa chuma ukafungwa. Jiwe la kwanza liliugonga kabla komeo halijaingia.

Ndani mlikuwa na mapipa matatu ya mafuta ya taa, madebe, pampu, na harufu ya kukata pumzi. Zubery alikuwa anachuruzika petroli. Tupokigwe alimvua shati, Shamsia akamfunika blanketi la nyuma ya duka, kisha akatema jino lake mwenyewe kwenye kiganja, akalitazama, akalitia kwenye fundo la kanga.

"Tumejifungia ndani ya bomu, afande," Ackson alinong'ona.

"Najua."

Nje sauti zilipandana. "Mtoeni!" "Yeye ndiye mwenye mafuta!" "Misiba yote haji, anabaki kuchoma!" Kisha sauti ya yule mwenye koti la mvua, karibu kabisa na dirisha: "Afande, tunakuheshimu, toka. Tunahesabu mpaka hamsini. Ukibaki humo, umechagua mwenyewe."

"Kweli huendi misibani?" Tupokigwe alimwuliza Zubery.

"Mafuta hayaachwi peke yake," Zubery alisema kwa midomo iliyovimba. "Marehemu baba, tangu alipofika hapa kutoka Kilwa, aliniusia hivyo. Faini natoa. Mikungu yote natoa. Nikiacha duka, mtoto akichezea kiberiti, mtaa mzima umekwenda."

Nje walikuwa wamefika ishirini na mbili. Tupokigwe alifungua kidirisha. "Nani mwenye ushahidi?"

"Daftari la katibu!"

"Basi katibu aje nalo. Peke yake. Nikilisoma nikaona ni yeye, nitamtoa kwa mkono wangu."

Ackson alimtazama kana kwamba amerukwa na akili. Nje wakashangilia. Mlango ukafunguliwa upana wa mtu mmoja, na Mzee Abrahamu akaingia, mwavuli umefungwa, daftari kifuani.

"Nasikitika, mwanangu," alisema. "Lakini maandishi ni maandishi." Akafungua, akaweka kidole. Ukurasa baada ya ukurasa, kila msiba na watu wake: waliofika upande mmoja, watoro upande mwingine, na mbele ya kila mtoro, alikutwa wapi. Zubery alikuwa mtoro kila ukurasa. "Mara kumi, na mioto kumi. Mimi siandiki uongo."

"Naamini, mzee. Tarehe kumi na mbili Machi: Zubery, amekutwa dukani, anapima mafuta. Nani aliyemkuta?"

"Mimi. Ndiyo kazi ya katibu. Watu wakishaelekea kaburini, napita nyumba hadi nyumba. Hawezi kujificha mtu."

"Saa ngapi?"

"Nikianza juu stendi saa nane kasorobo, huku kwa Zubery nafika saa nane. Nikikuta mtoro naandika palepale, sisubiri nisahau."

"Na duka la Tamimu liliwaka saa nane, stendi, kilima kizima kutoka hapa." Tupokigwe alifunua. "Mgahawa wa Nahla, saa nane. Zubery, amekutwa dukani. Nyumba ya kona, saa nane. Zubery, amekutwa dukani, anasali. Mzee, umemtetea mtu huyu mara tisa kwa mkono wako. Hata wakili asingemtetea hivi."

Nje walikuwa wameacha kuhesabu, walikuwa wanaimba. Mzee Abrahamu alikohoa kidogo. "Alikuwa na muda wa kukimbia."

"Kuupanda mlima ule kwa dakika moja? Haya, tuache. Waliofika wako upande huu. Watoro wako upande huu. Wewe uko upande gani?"

"Mimi ndiye ninayeandika!"

"Ndiyo. Mtaa wote uko kaburini, na mtu mmoja tu ana ruhusa ya kutembea mlango hadi mlango, na kila anayemwona anamwogopa, anajificha uvunguni asiandikwe. Nani angekuchungulia ukiacha moto unaofuka nyuma yako?"

"Unamtukana mtu mzima," mzee alisema, sauti imeshuka. Alinyoosha mkono achukue daftari. Tupokigwe akalifungua kwenye ukurasa wa jana.

Wino ulikuwa bado mweusi. Watoro walikuwa watatu. Alisoma kwa sauti, polepole, maana macho yake yenyewe hayakuamini.

"Esnath. Amekutwa kitandani. Mgonjwa wa mguu. Asamehewe."

Tupokigwe alichomoa mfukoni yale maelezo ya asubuhi, akayafungua juu ya daftari, sahihi nzuri chini ya maneno yale: hakuna aliyejua yumo.

"Ulimkuta kitandani," alisema. "Ulimwona mguu. Ukamwandika, ukamsamehe faini. Halafu ukatoka, ukafunga mlango kwa waya."

Mtu mwingine angekana. Mzee Abrahamu aliutazama mstari ule kama anayetazama kosa la hesabu, na kilichomtoka kilikuwa malalamiko. "Nisingemwandika angekuwa hayupo upande wowote. Daftari lisingetimia."

"Kwa nini, mzee?"

"Alikataa kuuza kiwanja. Mara tatu nimemwendea. Ambilikile mwenye malori, anayenilipa kwa kila kiwanja, anataka ghala lianze kabla ya kahawa kuvunwa. Wengine wote wakishaungua wanauza, wanashukuru, wanahama. Yeye angejenga tena. Kwa ubishi wake ule, angejenga hata kwa matope."

Shamsia alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Wote wakageuka kumtazama, na nusu ile ya dakika ilimtosha mzee. Aliupiga mwavuli wake chini ya debe lililokuwa juu ya kigoda, debe likapinduka kwa kishindo, mafuta yakasambaa mpaka vidoleni mwa Zubery, na mkononi mwa Abrahamu pakawa na kiberiti cha kuuza kilichotoka mezani. Njiti ya kwanza ilikatika kwa unyevu. Ya pili ilitoa cheche.

Tupokigwe alimpiga kwa kitako cha bastola kwenye kifundo cha mkono. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Ackson, na mwili wake wote, alimwangukia juu, wakateleza kwenye mafuta mpaka ukutani, na Shamsia akawahi kiberiti, akakitia mdomoni, akakitafuna.

"Kuna nini humo?" mwenye koti la mvua alifoka. "Afande! Tunavunja!"

Tupokigwe alimkalisha mzee kwa kumvuta sikio, kama mtoto. Pingu ikalia kwenye mkono mzima.

"Sikiliza. Nikitoka niwasomee mstari ule, hutafika kituoni. Tairi lipo, petroli ipo. Hata mimi sitakuwa na risasi za kutosha, na sijui kama nitazitafuta. Umenielewa?"

Mzee alitikisa kichwa kukubali.

"Bibi Esnath anazikwa saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Saa hizi ni nane na nusu. Simama dirishani uwaite msibani."

Alimsimamisha, mkono uliovunjika ndani ya koti, mdomo wa bastola chini ya mbavu. Kidirisha kikafunguka. Nyuso mia, mia mbili, zimelowa, macho mekundu. Katibu alizipitia kwa macho. Kisha, Tupokigwe asingesahau jambo hili, mabega yake yalinyooka na ile sauti ya miaka kumi na moja ikarudi.

"Jamani! Mtu wetu yumo, afande kamtia pingu, haendi popote! Lakini Bibi analowa na mvua! Saa ya kuzika imefika na ninyi mko huku? Mnataka azikwe na nani? Nitaanza kupita. Nitakayemkuta barabarani, namwandika!"

Mtu wa nyuma aliondoka kwanza, akifunga vifungo vya koti. Kisha wawili. Kisha wanawake kwa mafungu, wakijitanda kanga upya, wakianza wimbo wa kanisani katikati ya ubeti. Mwenye dumu la njano alilifunga kifuniko, akaliweka barazani kwa uangalifu kama atakayelirudia, akawafuata wenzake. Haikupita robo saa, barabara yote ikabaki na tairi na mvua.

Ackson alileta Landrova mpaka mlangoni. Hapakuwa na njia ya kwenda Mbeya isipokuwa hiyo hiyo moja, na nyumba ya mdogo wake Bibi Esnath, alikokuwa anazikwa, ilikuwa kando yake. Kaburi hatua thelathini kutoka kwenye lami. Tupokigwe alikaa mbele na daftari miguuni. Nyuma walimweka Zubery kwenye benchi, mkewe ubavuni, blanketi mabegani. Abrahamu walimlaza sakafuni, kati ya miguu yao.

Kwenye kona ya mwisho wimbo uliwajia, na gari likalazimika kutambaa. Watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Wengine waliligeukia gari, wakapangusa vioo kwa viganja, wakasogeza nyuso. Walimwona Zubery. Mmoja alitema mate kwenye kioo. Wangeinama kidogo tu, wangemwona mzee.

"Zubery," ilikuja sauti ndogo kutoka sakafuni. "Mwanangu. Nifunike. Kwa jina la Mungu, nifunike."

Kwenye kioo cha kutazamia nyuma Tupokigwe alimwona Zubery akiwatazama wale watu kwa jicho moja, kisha akimtazama mzee. Shamsia alimshika mkono, asijulikane kama anamzuia au anamsukuma. Kiganja cha pili kilianza kupangusa dirisha la upande ule.

Zubery alilivua blanketi mabegani, kifua chake chote wazi, chekundu, kinanuka petroli mbele ya macho ya watu waliommwagia. Akalitupa juu ya yule mzee. Kisha akanyoosha miguu yake yote miwili, akaikanyagisha mgongoni mwake, kama mtu anayepumzisha miguu juu ya gunia.

"Tulia hapo chini," alisema. "Na usikohoe."

Gari likapita.